Kamba Yenye Hina

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, ambayo viganja vyangu vinaikumbuka kuliko kichwa changu. Jana uliponipigia simu kutoka Koboko, ukaniambia kwa furaha kwamba Jumamosi wachimbaji wanarudi kukiongezea kina kisima chako, na kwamba fundi mpya atashusha pampu ya petroli humo ndani ili kazi iende haraka, nilinyamaza. Ulidhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nimeifungua mikono yangu mapajani, naitazama.

Hadithi hii hujaisikia kwangu kwa sababu sijaisimulia kwa mtu. Wanaoijua wengi wamekwisha kufa, na waliobaki walinistahi wakakaa kimya. Magoti yangeniruhusu ningepanda gari nije nikusimulie ukiwa mbele yangu. Sasa nakuandikia. Soma mpaka mwisho, kisha umpigie fundi wako kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu. Tuliishi Arua, katika ule mtaa wetu wa Wanubi, nyumba ya matofali yenye uwanja mpana kuliko nyumba yenyewe. Babako alikuwa dereva wa lori, mara nyingi yuko njiani. Nyumbani tulibaki mimi, wifi yangu Mariam, aliyekuwa amechumbiwa, na Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita nyanya. Huyu alikuwa nyanya yake babako, mwanamke mwembamba mwenye macho ambayo hayakukosa kitu.

Maji tulichota kwenye bomba la kusukuma kwa mkono, lililokuwa chini ya mteremko. Mtu alipanga madumu yake alfajiri, akaondoka saa nne. Nilichoka. Nikamshikilia babako mpaka akakubali tuchimbe kisima chetu wenyewe, uani, upande wa juu mbali na choo. Siku habari zilipofika bombani, wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Jina langu ni Zamzam, unajua.

"Zamzam anatafuta zamzam yake!" mmoja alipaza sauti. "Shoga, ukiipata utuite tuje kuhiji kwako!"

"Mtakuja," niliwajibu. "Siku ya hina ya Mariam mtakuja, na mtanawa mikono kwa maji ya kwangu."

Nilisema hivyo kwa sababu ya kicheko chao. Lakini neno likishatoka mbele ya wanawake kumi na watano wenye madumu, linakuwa ahadi.

Mchimbaji alikuwa mtu wa upande wa Kongo, aliyehamia Arua na familia yake. Tulimwita Papa Jeremi. Mfupi, mabega mapana, sauti ya mtu anayeongoza nyimbo kanisani, na kweli ndiye aliyeziongoza. Aliyemshikia kamba alikuwa Drani, mtu wa Adumi, mkimya, mwenye mikono mirefu. Walisimika nguzo mbili zenye panda kwenye mdomo wa shimo, wakalaza gogo juu yake, na gogo hilo ndilo lililozungushwa kupandisha ndoo ya udongo.

Papa Jeremi alikuwa na kamba mbili, na alizipa majina. Ile ya ndoo aliiita kamba ya kazi. Ya pili aliifunga kifuani mwake kila aliposhuka, ncha nyingine akaifunga kwenye nguzo. Hiyo aliiita kamba ya roho. Haikubeba ndoo wala jembe wala chakula chake. Haikubeba kitu kingine chochote isipokuwa yeye.

Tena alikuwa na neno. Wewe umezaliwa huku, huhitaji kuelezwa, lakini naandika kwa ajili ya wajukuu watakaosoma Kiswahili cha vitabu tu. Huku kwetu neno iko linabeba kila kitu. Mtu yupo, tunasema iko. Maji yapo, iko. Basi kila ndoo ilipopanda, Drani aliinama akauliza, "Papa iko?" Na kutoka chini sauti ilirudi, "Iko!" Hapo tu ndipo ndoo iliposhuka tena. Siku nzima, Papa iko, iko, Papa iko, iko. Nilipika kwa mdundo huo. Nilikuwa nikikoroga asida, ugali wetu, na kuitikia moyoni.

Siku ya kwanza kabisa Papa Jeremi alikuwa amenisimamisha pale pembeni akaniambia, "Mama, mimi nitachimba shimo yako vizuri. Lakini kitu moja. Injini haiingii ndani ya shimo yangu. Hata siku moja."

"Kwa nini?"

"Inaua mutu."

Hakueleza zaidi, nami sikuuliza zaidi. Nilidhani anaogopa mashine, kama fundi wa mkono anavyoogopa kila kitu kitakachomnyang'anya kazi. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ndilo dogo.

Maji yalianza kutoka ikiwa imebaki juma moja kabla ya hina. Yalitoka kidogo kidogo kwenye ukuta wa mawe laini, yakajaa magotini, na hapo kazi ikakwama. Ili achimbe zaidi ilibidi maji yatolewe, na kila walipoyatoa kwa ndoo mengine yaliingia. Asubuhi nzima waliteka maji, alasiri wakachimba kiganja kimoja cha udongo. Nami nilikuwa nahesabu siku kwa vidole.

Asubuhi ya siku ya hina yenyewe, Papa Jeremi na Drani walikwenda Inde kumzika mzee wa kanisa lao. Walisema watarudi baada ya adhuhuri wachimbe sehemu ya mwisho. "Labda leo maji safi iko, labda kesho," alisema Papa Jeremi. Labda! Wanawake wangeanza kufika alasiri.

Walipoondoka tu, akaja shemeji yangu Swaleh kutoka Koboko, ambako alilima nyanya kando ya mto. Alileta nyanya za arusi, na nyuma ya gari lake dogo ilikuwamo pampu yake ya petroli. Nilimwomba tuijaribu hapo hapo.

Tuliiweka kwanza juu, mdomoni mwa kisima, tukashusha mpira. Ilinguruma tu, haikuvuta kitu. Kina kilikuwa kirefu mno.

"Lazima iende karibu na maji," alisema Swaleh.

Ukutani, zaidi ya nusu ya njia ya kushuka, wachimbaji walikuwa wameacha kidaraja cha kukanyaga. Swaleh aliishusha pampu kwa kamba, akashuka yeye, akaikalisha pale, akavuta kamba ya kuwashia, akapanda juu haraka. Injini ilinguruma ndani ya ardhi mpaka nikaihisi kwenye nyayo. Na maji, mwanangu, yalipanda. Yalimwagika uani kama mto, mekundu, kuku wakakimbia. Nilipiga kigelegele peke yangu.

Haboba alitoka na fimbo yake akasimama mlangoni.

"Yule Mkongo alisema nini kuhusu injini?" aliuliza.

"Haboba, yeye hayupo."

"Nimeuliza alisema nini. Sijauliza yuko wapi."

Niligeuka nikaangalia mpira. Alinitazama, akarudi ndani. Na mpaka leo najua alirudi kwa sababu nilikuwa mke wa mjukuu wake na hakutaka kunifedhehesha mbele ya Swaleh.

Petroli iliisha, injini ikazima yenyewe. Swaleh aliivuta juu kwa kamba. Muda wote alikuwa ameinama kwenye ule mdomo akiangalia mpira, na alipoinuka alishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa chini.

"Kichwa kinaniuma vibaya," alisema.

"Ni jua," nikasema, nikampa chai. Alikunywa, akapakia vitu vyake, akasema pampu ataifuata kesho arusini. Nikaifunika kwa mkeka nyuma ya jiko. Kisha, kwa kuwa uwanja ulinuka petroli, nikatia makaa kwenye kitezo, nikachoma ubani na udi kuzunguka kisima, nikarudia, nikarudia tena. Mtu anayetaka tu uwanja wake unukie hafanyi hivyo. Mkono wangu ulijua ninalolificha kabla ulimi haujaulizwa.

Walirudi wakati wanawake wameanza kuingia. Papa Jeremi alikuwa bado na shati lake jeupe la mazishi. Alichungulia shimoni, akageuka.

"Nani alitoa maji?"

"Sisi," nikasema. "Wanawake. Tumeteka kwa ndoo tangu alfajiri."

Alitazama mikono yangu, laini, haina lengelenge hata moja. Akavuta hewa kwa pua. Ubani ulikuwa mzito kama wingu.

"Mama. Injini haikuingia?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipokosea. Si pale pampu iliposhuka. Ningesema iliingia, angekasirika, angefunga vitu vyake, angesema tusubiri siku kadhaa, na wanawake wangecheka. Hayo tu ndiyo yangetokea. Nilikuwa na kicheko cha wanawake mkono huu na mtu mzima mkono huu, nikachagua.

"Haikuingia," nikasema.

Kisha akafanya alichofanya kila siku: akawasha koroboi yake ndogo, akaiweka ndani ya kopo, akaishusha kwa uzi mpaka chini. Sote tuliinama kuangalia. Moto ulisimama wima, wa manjano, haukutikisika.

"Taa imekubali," alisema. Akavua shati jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya tofali. Akafunga kamba ya roho kifuani. Akashuka.

Nilirudi kwenye mkeka. Mariam alikuwa katikati, mikono yake imejazwa hina, na nilipokaa walinishika nami wakanipaka viganja. Wanawake waliimba, mmoja akipiga ngoma ya dumu tupu. Ndoo ya kwanza ikapanda.

"Papa iko?"

"Iko!"

Ndoo ya pili.

"Papa iko?"

"Iko."

Niliisikia tofauti. Wengine hawakuisikia, lakini mimi nilikuwa nimepika kwa mdundo ule wiki nne. Sauti ilikuwa imechelewa kiasi cha mtu kumeza mate. Nikajiambia amechoka, ametoka mazishini. Hina ilikuwa baridi viganjani.

Ndoo ya tatu ilipanda ikiwa nusu.

"Papa iko?"

Kimya. Kisha, polepole, kutoka mbali, "Ii...ko."

Basi yule yule aliyenitania bombani akaruka juu. "Mmesikia? Iko! Maji iko!" Na uwanja wote ukalipuka vigelegele. Walisimama, wakazunguka, ngoma ya dumu ikapigwa kwa nguvu, wakanishika mabega na kunitikisa, Zamzam, Zamzam yako iko! Nami nilimwona Drani. Alikuwa ameinama mdomoni mwa kisima, mdomo wake unafunguka na kufungika, anauliza. Sikumsikia. Chini hata kama kulikuwa na jibu hakuna ambaye angelisikia, kwa vigelegele vya furaha yangu.

"Nyamazeni!" nilipiga kelele. Hawakunyamaza. Ni Haboba aliyeipiga ile ngoma kwa fimbo yake ikapasuka, na uwanja ukatulia ghafla.

"Papa iko?" Drani aliuliza.

Hakuna.

"Papa! Papa iko?"

Hakuna. Tuliisikia ndoo tu, inaning'inia, inagonga ukuta.

Drani alitupa viatu, akaketi kwenye ukingo, akaingiza miguu shimoni kutafuta vishikio vya kushukia. Na hapo, mwanangu, nilielewa kwa mwili mzima neno lile fupi la siku ya kwanza. Huyu naye angeshuka. Naye asingejibu. Nilikuwa na pumzi moja ya kuamua kama naendelea kuwa mke mwema mbele ya wanawake wale.

"Usishuke!" nikalia. "Drani, usishuke! Injini iliingia! Nilidanganya! Iliingia, iliwaka humo ndani asubuhi yote!"

Aliganda. Alinigeukia kwa uso ambao sitausahau, kisha akatoa miguu, akajitupa kwenye ile nguzo, akashika kamba ya roho.

"Kamata!" akasema. "Wote, kamata!"

Kamba ile haikuwa kwenye gogo. Ilitaka mikono. Tukaikamata, wanawake na hina zetu mbichi, bi arusi wa mbele kabisa, na kamba ikateleza kama samaki. Tuliifinya. Tulivuta, ikateleza, ikatuchoma, tukavuta. Haboba alikuwa nyuma yetu akihesabu kwa Kinubi kwa sauti kavu, wahid, tinen, na kwa kila namba tulirudi nyuma hatua moja. Nilisikia mwili wa Papa Jeremi ukisuguana na ukuta. Nilisikia jiwe likianguka majini. Nikawaza, kama kamba hii ingekuwa imebeba kitu kingine hata siku moja, kama ingekuwa imelika, na huku nikiwaza nilikuwa navuta.

Alitokea kichwa kimelala begani. Drani alimnyakua, akamburuta mpaka kwenye ukingo wa barabara ambako upepo unapita, mbali na ubani wangu. Alilala pale na tope kifuani. Drani alipiga magoti, akambana pua, akampulizia pumzi mdomoni, mara moja, mara nyingi. Sote tulisimama na mikono imenyooshwa mbele, inachuruzika wekundu, kama watu waliochinja.

Kisha akakohoa.

Jirani alitoa gari, wakampeleka kwenye ile hospitali ya misheni kule Kuluva, wakamtia hewa ya chupa. Daktari alinieleza baadaye, kwa upole ambao sikuustahili. Moshi wa injini una sumu isiyo na rangi wala harufu, ukishaingia shimoni hauna pa kutokea, hukaa humo saa nyingi, hata siku nzima na zaidi. Na taa haiijui. Taa huzimika pale hewa ya kuvuta inapopungua, lakini sumu ile hukaa na moto kwa amani, moto ukasimama wima, na mtu akalala. Papa Jeremi alikuwa na njia moja tu ya kuijua sumu ile. Kuniuliza.

Kesho yake Mariam aliolewa. Alioga maji ya bomba la watu wote, na viganja vyake, na vya wanawake wote walioshika kamba, havikuwa na maua. Vilikuwa na michirizi ya kamba iliyosukwa, myekundu, iliyoshika vizuri sana. Haboba alikishika kiganja changu, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Hina hii imekolea," alisema. Afadhali angenipiga.

Papa Jeremi alirudi baada ya wiki nyingi. Alikuwa amekonda, na alishika ukuta alipokaa. Nililia, nikamwomba msamaha, nikamwambia shimo lifukiwe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Shimo haina kosa," alisema. "Nitamaliza. Lakini Drani atazungusha gogo tu. Kuuliza, utauliza wewe."

Walikipepea kisima siku mbili, wakishusha na kupandisha tawi bichi la majani mengi. Kisha akafunga kamba ya roho, ile ile, imebaki na madoa mekundu ya vidole vyetu. Akaingiza mguu mmoja, akasimama, akanitazama.

"Mama. Kweli iko?"

Alitaka jibu, mwanangu. Alikuwa na haki ya kulitaka, na alikuwa na kila sababu ya kutoliamini, na bado alisimama pale na mguu mmoja ndani ya ardhi akalingoja.

"Iko," nikasema.

Akashuka. Nilikaa kwenye ukingo ule siku tatu, sikupika, sikuitikia wageni. Kwa kila ndoo niliuliza, "Papa iko?" na kabla hajajibu nilikufa kidogo, na alipojibu nikafufuka. Siku ya tatu jua likiwa juu, alijibu kabla sijauliza, kwa ile sauti ya kanisani. "Mama! Maji iko!" Hakuna aliyepiga kigelegele. Tulisubiri mpaka yeye mwenyewe ametoka, amesimama juu ya nchi kavu, amefungua fundo. Ndipo Haboba akaanza.

Maji hayo ndiyo uliyooga ulipozaliwa.

Sasa nakusihi. Fundi wako mpya akikuambia pampu ya petroli ishuke kisimani, mwambie hapana, hata ikishuka kidogo, hata akikuambia atapanda haraka. Kama kina kinataka mashine, injini ikae juu, mbali na mdomo, upepo uchukue moshi, na ndani kishuke chombo cha kuvuta maji kwa waya wa umeme tu. Hivyo vipo Arua siku hizi, hata vya jua. Kama hakipatikani, maji yatolewe kwa ndoo na kazi ichelewe. Mtu asishuke bila kamba kifuani na watu wa kutosha wa kuivuta. Aliyelala chini asifuatwe na mwenzake. Na usiruhusu muziki karibu na shimo lenye mtu.

Lakini hayo fundi mzuri anayajua. Lile ambalo ni lako peke yako, mwenye nyumba, ni hili: anayeshuka ndani ya ardhi yako hana macho mengine ya kuona yaliyopita kabla hajafika, isipokuwa ulimi wako. Akikuuliza, mjibu, hata kama jibu litakuaibisha mbele ya mtaa mzima. Aibu yangu imedumu nami miaka yote hii na haijaniua. Naipenda hata, maana upande wa pili wake ni Papa Jeremi na Drani, wote wawili wakiwa hai, wakazeeka, wakabeba wajukuu.

Mungu akupe maji matamu, mwanangu, yasiyokauka kiangazi wala kuchafuka masika. Aijaze nyumba yako sauti za watu wanaojibu wanapoitwa. Na Jumamosi, kabla mtu hajaingiza mguu, simama ukingoni wewe mwenyewe, umwangalie usoni, umwambie yote. Kisha nipigie. Nitauliza neno moja tu, nawe unajua nitakavyotaka ulijibu.